Uzoefu wangu: kupanda milima na mbwa kuanzia Nakuru

Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Menengai unafika mita 2,278. Kutoka mtaa wa Milimani hadi pale watu wanapopigia picha ni mwendo wa kama kilomita nane, nyingi zikiwa za kupanda. Mtu mwenye viatu na afya ya kawaida hafikirii mara mbili. Mbwa ni hesabu nyingine. Hana viatu, hatoi jasho mwilini kama sisi, na tumbo lake liko karibu na ardhi inayotoa joto. Kwa hiyo njia naichagua kwa kuangalia nyayo zake na pumzi yake. Mandhari huja baadaye, na Bonde la Ufa halijawahi kukosa mandhari.

Nianze na mahali pasipoendeka. Hifadhi za wanyama zinazosimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, haziruhusu mbwa wa kufugwa: Ziwa Nakuru, Hell's Gate, Longonot, Mlima Elgon, Ruma. Watu hunung'unika langoni, lakini sababu ipo. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao mbwa wa vijijini huubeba, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Msitu wa Eburu nao nauacha kwa hiari yangu, maana baadhi ya bongo (swala wakubwa wa msituni) wachache waliobaki nchini wamo humo, na mbwa akishanusa paa hakusikii tena. Misitu mingine iliyo chini ya KFS, shirika la misitu la Kenya, nauliza kituo cha msitu siku moja kabla: ada ni ngapi, mbwa anaruhusiwa au la, na kama kuna sehemu wanayokata miti wiki hiyo. Kuuliza langoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, askari akiwa bado hajanywa chai, hakujanisaidia.

Mbwa ninayetembea naye ni chotara wa German Shepherd, kilo 28. Uzito nautaja kwa sababu maji yanapimwa kwa uzito. Mbwa akikaa nyumbani anahitaji kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku, yaani huyu ni lita moja na nusu. Akipanda mlima, mahitaji yanaweza kufika mara mbili. Kwa matembezi ya saa nne nabeba lita mbili zake peke yake, mbali na zangu, na bakuli la plastiki jepesi. Nampa kidogokidogo, kama nusu kikombe kila baada ya dakika 20 au 30. Ukingoja mpaka akuombe, atabugia yote kwa mkupuo kisha ayatapike.

Chakula hula muda wa saa tatu kabla ya kuondoka, na kidogo tu. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu akijazwa ugali kisha akimbizwe, tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda. Dalili ni tumbo kuvimba na kukaza kama ngoma, na mbwa kujaribu kutapika bila kutoa kitu. Hilo ni la kukimbilia daktari wa mifugo saa hiyohiyo, si la kungoja asubuhi. Ukirudi, subiri kama saa moja mpaka pumzi itulie ndipo umpe sahani yake.

Mbwa wa uani aliyezoea kulala getini hapandi Menengai Jumamosi ya kwanza. Anza na kilomita tatu za tambarare, mara tatu kwa wiki, uongeze kilomita moja kila wiki. Wiki ya tano au ya sita ndipo umwonyeshe mlima. Ngozi ya nyayo hukomaa taratibu kwa kutembea kwenye maram na mawe madogo, na hakuna mafuta yanayoweza kufanya kazi hiyo badala ya mwendo. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa asipande milima mirefu kabla ya mwaka mmoja, viungo vyake bado vinakua. Jike aliye katika siku za kutaka dume abaki nyumbani wiki tatu, la sivyo utashuka na msafara wa mbwa wa kijiji kizima.

Kamba yangu ina urefu wa mita mbili, na naifunga kwenye mkanda wa kifuani, si kwenye kola ya shingoni. Menengai ndiko nilikojua kwa nini. Kwenye miamba ya ukingo wanaishi pimbi, wanaota jua mawe yakianza kupata joto. Pimbi akishtuka hutumbukia kwenye ufa, na mbwa aliye huru humfuata bila kuangalia kilicho mbele. Mbele kuna ukuta wa mamia ya mita kwenda chini. Karibu na ukingo kamba haiondoki mkononi, naifupisha iwe mita moja, na nasimama upande wa kreta mimi mwenyewe. Nyani nao wapo. Dume la nyani lina meno ya chonge marefu na halikimbii mbwa, huwa linamgeukia. Ukiliona kundi, rudi nyuma taratibu na uzungukie kwingine. Chakula kisionekane mkononi.

Kushuka ndani ya kreta na mbwa sikupendekezi kabisa, ingawa watu wanapiga picha nzuri kule. Sakafu imejaa mawe ya lava yenye makali ya chupa iliyovunjika. Usitegemee kupata maji ya kunywa. Kuna matundu ya mvuke, na kuna kazi ya visima vya mvuke wa ardhini iliyoanza 2011, yenye barabara za malori na sehemu zisizoruhusu watu kupita. Mbwa akikatika unyayo kule chini, utambeba kilo 28 mgongoni ukipanda kuta hizo. Njia za msituni juu ya ukingo, zenye mikaratusi na vumbi laini, zinamtosha.

Joto la ardhi napima kwa mgongo wa mkono. Ukishindwa kuuacha juu ya jiwe au lami kwa sekunde saba, na yeye hawezi. Kwa Nakuru hiyo huwa ni kuanzia saa nne na nusu hivi siku ya jua kali, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu tunakuwa tumeshaanza na saa nne tunashuka. Dalili za joto kumzidi ni ulimi kutoka mrefu na kupanuka nchani, fizi kuwa nyekundu sana, mate kuwa mazito ya kunata, kisha kuyumba. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likipita 41, viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Hapo mpeleke kivulini, mwagia maji tumboni, kwenye mapaja ya ndani na miguuni, mpepee kwa kofia, na uendelee hivyo kabla hata ya kutafuta gari. Usimfunike kwa taulo lililolowa ukaliacha hapo, maana joto hunaswa chini yake. Mbwa wenye pua fupi, hata wakiwa wembamba, usiwapandishe hata kidogo.

Unyayo ukikatika, osha kwa maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa. Nabeba chupa ndogo tayari. Kisha shashi ya jeraha, bandeji, na juu yake soksi ya mtoto iliyofungwa kwa plasta. Vidole viwili vya katikati viachwe vikionekana. Vikivimba au vikiwa baridi, umekaza mno. Kwenye mkoba huohuo nina koleo ya kukatia waya, kwa sababu mitego ya wawindaji wa paa bado inatandazwa kwenye misitu mingi. Mbwa aliyenaswa huvuta na waya huzidi kukaza. Mshike kichwa kwa shati ndipo ukate, maana hata mbwa wako atakuuma akiwa na maumivu.

Siku za jua kali, au kama mbwa bado ni mgeni wa kupanda, naelekea kaskazini-mashariki: Bahati, Dundori na miinuko ya juu ya Subukia. Ni juu zaidi, kuna baridi, na barabara za msituni ni za udongo mwororo. Ubaya ni mashamba ya viazi yaliyo katikati ya miche ya miti. Viazi hupigwa dawa ya ukungu mara kwa mara, na mbwa hupita, hulowa, kisha hulamba manyoya. Ukimwona mtu na pampu mgongoni, badilisha njia, na ukifika nyumbani mwogeshe kwa sabuni.

Kisumu ni habari tofauti. Mji uko karibu mita 1,130 tu na joto lake lina unyevu, kwa hiyo kuhema hakumpozi mbwa kama kunavyompoza Nakuru. Miinuko ya Riat na Kajulu, na ukuta wa Nandi nyuma yake, naipanda alfajiri tu. Kufikia saa tatu niwe nimeshuka. Watu wengi humaliza kwa kumtumbukiza mbwa ziwani, na hapo nakataa. Kuna viboko na mamba, na maji ya Ghuba ya Winam yanapogeuka kijani kama rangi iliyomwagika, ule uchafu wa kijani unaweza kuwa na sumu inayoua mbwa kwa saa chache. Kit Mikayi, lundo la mawe makubwa kule Seme, ni mahali pa maombi, watu wanapanda pale kufunga na kusali. Mbwa namwacha na mwenzangu mbali na mawe.

Kwa Kakamega, upande wa Buyangu ni wa KWS, kwa hiyo hapana. Vijia vya pembeni mwa msitu, kati ya miwa na chai, vinatosha, lakini msimu wa mvua angalia siafu. Mbwa hukanyaga msafara wao bila kujua, wakapanda hadi kwenye makwapa na kati ya vidole. Kimbia naye mita kama hamsini nje ya msafara kwanza, ndipo uwatoe mmoja mmoja. Ukisimama palepale kuwatoa, mtaliwa wote wawili.

Nyoka wa kuogopa njiani ni moma, yule mnene asiyehama akisikia hatua. Akimgonga mbwa, usichanje, usifunge kamba, mbebe asitembee na umwahishe kwa daktari. Swila akimtemea machoni, osha kwa maji mengi dakika 15 hadi 20, hata kama ni lita zote ulizobaki nazo.

Kazi kubwa kuliko mlima wenyewe ni watu na mifugo yao. Kila kilomita kuna mbuzi, na mbuzi mmoja akiuawa utalipa papo hapo na njia hiyo haitakuwa yako tena. Nikiona mchungaji namsalimu mimi kwanza, kwa sauti, nikiwa bado mbali: "Habari ya asubuhi, mzee. Mbwa amefungwa, tunapita tu." Neno "amefungwa" ndilo linalofanya kazi. Akiwa mtoto, simama umwache apite na mifugo yake, kwa sababu jiwe tayari analo mkononi. Ng'ombe mwenye ndama akija kwa kasi, achilia kamba. Anamfuata mbwa, na mbwa ana mbio kuliko ng'ombe na kuliko wewe. Mbwa wa boma wakitoka kubweka, simama, mweke wako nyuma yako, kisha uiname kana kwamba unaokota jiwe. Hakuna mbwa wa kijijini asiyeelewa ishara hiyo, na mara nyingi hata jiwe halihitajiki. Na mahali penye Waislamu wengi fupisha kamba bila kungoja kuombwa, mate ya mbwa kwao ni najisi na nguo itabidi ifuliwe kabla ya swala.

Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe ya mwaka huu, na picha ya kadi iwe kwenye simu. Mtu akiumwa na mbwa, hata kidogo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, kadi au bila kadi.

Usafiri: matatu nyingi zitakukatalia. Natumia pikapu. Kosa ninaloona kila wiki ni mbwa kufungwa kola nyuma ya pikapu kwa kamba ndefu. Akiruka, ananing'inia shingoni. Funga kwenye mkanda wa kifuani, kamba iwe fupi kiasi kwamba hafiki kwenye ukingo wa bodi, na umtandikie gunia asiteleze.

Jioni, kabla hata ya kuvua viatu, natafuta kupe: ndani ya masikio, chini ya mkia, makwapani, kati ya vidole. Navuta kwa kibano karibu kabisa na ngozi, polepole, bila kupinda. Mafuta ya taa na njiti ya kiberiti humfanya kupe atapike ndani ya jeraha. Kadiri kupe anavyokaa amejishika ndivyo hatari ya kuambukiza homa yake inavyozidi, kwa hiyo anayetolewa leo jioni huenda bado hajafanya kitu. Nikiwa nimetoka upande wa Kakamega au Kisumu naangalia pia funza kwenye nyayo, kidoti cheusi chenye duara jeupe. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiikisie kwa jicho kwenye mbwa. Mwulize daktari wa mifugo kipimo, na paka wa nyumbani akae mbali, baadhi ya dawa hizo humuua.

Homa ya kupe huchukua kama siku 10 hadi 21 kujitokeza: mbwa anakataa chakula, fizi zinapauka, mkojo unakuwa rangi ya chai ya rangi. Wakati huo mwenye mbwa ameshasahau mlima na anadhani ni minyoo. Ndiyo maana kila matembezi naandika tarehe na mahali kwenye kalenda ya jikoni, ili daktari akiuliza mbwa alikuwa wapi wiki mbili zilizopita, nisianze kukisia.