Bezaleli wa Prairieville

Somo la juma: Kutoka 31:1–6

Wapendwa katika Bwana, Bezaleli, fundi aliyeitwa na Mungu kulitengeneza hema la kukutania, tunamkumbuka kwa dhahabu na shaba, lakini aya ya 5 inataja pia kuchora miti. Tena Mungu alimwita kwa jina akiwa ametoka utumwani Misri juzi tu.

Huko Prairieville, kijiji cha Alabama, Marekani, lipo kanisa dogo la Kiepiskopali la Mtakatifu Andrea, ndugu zetu wa ushirika wa Kianglikana. Lilijengwa mwaka 1853, likawekwa wakfu 1858. Waliosimamia kazi ni maseremala wawili, Peter Lee na Joe Glasgow. Sheria iliwahesabu kuwa mali ya Kapteni Henry A. Tayloe, na waliojenga pamoja nao walikuwa watumwa wa mashamba ya jirani.

Ramani yake inadhaniwa kufuata michoro ya msanifu majengo Richard Upjohn, aliyetoa mwaka 1852 kitabu cha makanisa ya mbao kwa sharika zisizo na fedha za mawe. Paa ni la mwinuko mkali. Kuta ni mbao zilizosimama wima, na kila mwanya umezibwa kwa papi, yaani ubao mwembamba. Hata nguzo za kuegemeza ukuta kwa nje, ambazo kwenye makanisa ya mawe huzuia msukumo wa paa, hapa ni za mbao.

Ukuta wa namna hii humpima fundi kwenye msumari. Ubao hunywa unyevu ukavimba, kiangazi ukasinyaa. Basi msumari wa papi hupitishwa katikati ya mwanya mpaka kwenye boriti ya nyuma, ili kila ubao ubaki na nafasi ya kucheza. Ukiipigilia papi kwenye mbao zote mbili, zitavutana mpaka moja ipasuke, na mvua ipate njia. Halafu kuna ncha ya chini: hapo ndipo mti unapofyonza maji kuliko popote. Ikigusa udongo huoza kwa ndani huku uso wa ubao ungali mzima, kwa hiyo ukuta lazima uinuliwe juu ya msingi.

Ndani, mbao zilipakwa maji ya mashina ya tumbaku, zikapata hudhurungi iliyotulia. Ni pazuri mno kwa sala. Lakini uzuri huo haufuti dhambi ya waliowamiliki watu waliobatizwa kwa Roho yule yule, na anayelisifu kanisa hilo bila kutaja utumwa amelisifu nusu.

Makanisa mengi yaliyojengwa na watumwa hayana hata jina moja la fundi. Ya Lee na Glasgow tunayo, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Katika maombi ya juma hili tuwataje pamoja na Bezaleli na msaidizi wake Oholiabu, kisha tuwaulize wazee wa usharika wetu ni nani walioezeka kanisa tunalosalia, tuyaandike majina yao kwenye daftari la kanisa wazee hao wangali hai.