Strasbourg, mji uliohamiwa na mpaka

Tangu nihamie Strasbourg, swali ninaloulizwa sana na ndugu zangu ni kama niko Ufaransa au Ujerumani. Niko Ufaransa, lakini tramu ya D inavuka mto Rhine hadi Kehl, Ujerumani, tangu 2017. Watu huenda kununua sabuni na nepi, wakarudi nyumbani kupika.

Alama za historia zipo kila mahali. Kwingine Ufaransa treni hupita reli ya kushoto. Hapa Alsace, eneo ulimo mji wa Strasbourg, hupita kulia, kwa sababu reli zilipangwa upya enzi za Wajerumani. Mapadri, wachungaji na marabi hapa hulipwa mshahara na serikali, maana sheria ya 1905 ya kutenganisha dini na dola ilipitishwa Paris wakati Alsace haimo mikononi mwa Ufaransa. Wajerumani waliitwaa 1871, Ufaransa ikairudisha 1918, Hitler akaichukua 1940, na Strasbourg ikakombolewa Novemba 1944. Mzee aliyeishi miaka yote hiyo alibadilishiwa dola mara nne bila kuhama mtaa.

Ukitaka kuyaelewa haya, nenda Place de la République, mbele ya jumba alilojengewa Kaisari wa Ujerumani. Pana mnara wa kuwakumbuka waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Alsace ilipokuwa ya Ujerumani: sanamu ya mama aliyewapakata wanawe wawili wanaokata roho, kazi ya mchongaji Drivier, iliyozinduliwa 1936. Vijana hao hawana sare wala silaha. Wako uchi, na hakuna cha kukuonyesha nani alipigania upande gani. Minara mingi ya Ufaransa hutaja waliokufa kwa ajili ya Ufaransa. Hapa pameandikwa tu "kwa marehemu wetu". Kwangu mimi huo ndio mnara mkweli kuliko yote niliyoiona Ulaya, kwa kuwa unamlilia mwana kabla ya kuuliza bendera yake.

Miaka sita tu baadaye yakajirudia. Kuanzia Agosti 1942, vijana wapatao 130,000 wa Alsace na eneo jirani la Moselle waliingizwa kwa nguvu katika jeshi la Ujerumani. Aliyetoroka, familia yake ilihamishwa. Wengi walipelekwa kupigana na Warusi, na wengi wa waliotekwa wakafungwa kambi ya Tambov, huko Urusi. Zaidi ya 30,000 hawakurudi. Vita vilikwisha 1945. Mateka wa mwisho alifika kwao Alsace mwaka 1955.