Decide, decision: nilivyowafundisha wapagazi nomino dhahania

Wapagazi wanaokuja kwangu jioni hapa Majengo, Moshi, wanataka kufika mbali: wawe waongoza watalii. Kuongea Kiingereza wanaweza, maana wamepanda na wageni miaka mingi. Kazi ipo kwenye kuandika ripoti ya safari au barua ya kuomba kazi, ambako "we arrived" inabidi iwe "our arrival". Hapo kila kitenzi kinaonekana kujichagulia mkia: arrive kinachukua -al, depart kinachukua -ure, pay kinachukua -ment.

Vitabu vingi hupanga somo hili kwa viambishi tamati, yaani orodha ya -ment, kisha ya -tion, kisha ya -ance. Mimi sioni faida yake. Mtu anayeandika hana kiambishi kichwani, ana kitenzi. Kwa hiyo nikaanza kupanga kwa mwisho wa kitenzi chenyewe. Decide, divide, collide, conclude na persuade vyote vinatoa -sion. Permit, admit na submit vinatoa -mission. Describe na prescribe vinatoa -scription, receive na deceive vinatoa -ception, produce na reduce vinatoa -duction. Ukimjua mmoja, umeujua ukoo mzima.

Kijana mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, hiyo d ya decide imeenda wapi?" Nikaandika ubaoni: linda, ulinzi, penda, mapenzi, jenga, ujenzi, andika, uandishi. Kabla sijaweka chaki chini mwenzake akadakia, "Pika, upishi!" Kaka mmoja aliyewazidi umri akabisha: "Mbona shinda ni ushindi, siyo ushinzi?" Nililipenda sana swali hilo. Kumbe lugha tunayoizungumza tangu utotoni nayo ina vyake visivyofuata mstari, na hatujawahi kuilaumu.

Kwa Kiingereza sababu ni nyingine. Decision imetoka Kilatini, ambako kitenzi decidere kina umbo lake la pili, decisus, na nomino ikajengwa juu ya hilo la pili. Ndivyo ilivyo pia kwa permittere na permissus. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa kwa muda mrefu, na maneno ya namna hii yakamiminika, pamoja na mikia kama -ment na -ance. Nomino za Kiingereza cha asili ni fupi: grow inatoa growth, fly inatoa flight, weigh inatoa weight. Hiyo weight hakuna mpagazi anayeisahau, kwa sababu getini mzigo wake unapimwa kwenye mizani kabla hajapanda, usizidi kilo 20.

Vya kukariri havikosekani. Explain kinapoteza i na kuwa explanation, maintain kinakuwa maintenance, pronounce kinakuwa pronunciation. Extend kinatoa extension, lakini descend kinatoa descent, neno ambalo mtu wa mlimani analihitaji kila safari. Hope, fear na answer havibadiliki kabisa.

Sasa hivi nguvu tumeihamishia kwenye kinachofuata baada ya nomino, na naona ndipo palipo na uzito kuliko mikia yenyewe. Kila mmoja anaandika siku moja ya mlimani mara mbili, kushoto kwa vitenzi, kulia kwa nomino. "We decided to descend" inakuwa "our decision to descend", na ile to inabaki mahali pake. "We arrived at the camp" inakuwa "our arrival at the camp", at nayo inabaki. Lakini "we discussed the route" haina kihusishi chochote, na ikigeuka inadai of: "our discussion of the route". Describe nayo ni hivyohivyo, na reduce, na explain. Hiyo of ndiyo ninayoitafuta kwanza ninapofungua madaftari yao.