Nilivyompata Malkia, tarantula wangu aliyetoroka

Kila aliyeniambia "puliza dawa ya mende, utamwona anajitokeza" hajawahi kufuga buibui. Dawa ile ingemuua, na mimi nilikuwa namtaka Malkia akiwa hai. Ni tarantula jike wa magoti mekundu, buibui mkubwa mwenye manyoya wa jamii ya Mexico, na majike wake huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Nimemlea tangu akiwa mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba changu.

Alfajiri nilikuta kifuniko kimeinuka upande mmoja na tangi tupu. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimembadilishia maji nikasahau kukibana. Tarantula ana nguvu. Akipata upenyo, anausukuma.

Nikaziba milango, nikamfungia paka mbali, nikaanza kumsaka.

Kilichonipotezea siku tatu ni ushauri wa mtego wa chakula. Niliambiwa njaa itamtoa. Nikaweka udongo wa unyevunyevu kwenye beseni, nikatia nyenje sita, nikaegemeza ubao uwe daraja lake. Nikakesha kitini gizani, miguu nimeikunja, nimetega masikio. Usiku wa kwanza nyenje waliimba mpaka usingizi ukanichukua. Usiku wa pili wakagundua kwamba daraja la kuingilia ni la kutokea pia. Usiku wa tatu alibaki mmoja, na Malkia hakuonekana. Hapo nikakasirika kweli, maana nilijua tangu mwanzo: tarantula mzima anaweza kukaa miezi bila kula. Tena hafuati windo lake toka chumba kingine. Macho yake ni hafifu; hujibanza penye maficho akisubiri kuhisi mtikisiko karibu yake. Cha kuhofia ni kiu, kwa hiyo nilipanga visosi vya maji kando ya kuta zote.

Usiku wa nne nikaacha kumngoja, nikatafuta hariri yake. Hatandi utando wa kunasia wadudu kama buibui wa darini, ila akitulia mahali hutandika nyuzi mlangoni. Nilizima taa zote, nikalala kifudifudi, nikailaza tochi sakafuni mwanga upite chinichini. Mchana nilikuwa nimepita pale mara kumi nisione kitu. Sasa, chini ya kabati la vitabu, kitambaa chembamba kama ukungu kiling'aa. Nilimwita mke wangu kwa mnong'ono, kana kwamba Malkia angesikia jina lake.

Tulitoa vitabu vyote, tukalinyanyua kabati. Msiliburute! Angesagika.

Alikuwa amejikunyata ukutani. Nikamwekea bakuli mbele, nikamgusa miguu ya nyuma kwa brashi laini ya kuchorea. Aliupangusa mgongo wa tumbo lake akanirushia manyoya yake ya kuwasha. Nilikuwa nimevaa miwani, na mtu asithubutu bila miwani. Mguso wa pili akaingia mwenyewe. Sikumbeba mkononi, kwa sababu tumbo lake ni laini, na kuanguka kutoka kimo cha meza kunaweza kulipasua.

Kifuniko sasa kina vibanio viwili, gharama yake ndogo mno.

Usiku ule alipanda juu ya kibakuli chake, akainamisha mdomo majini, akatulia hivyo muda mrefu. Nilikaa sakafuni kando yake mpaka alipomaliza kunywa.