Jinsi nilivyouzima mlio wa mlango

Mlango wa gari la mwalimu mmoja hapa Dodoma ndio ulionifundisha kuheshimu joto. Ulikuwa umeliwa na kutu chini. Nikakata palipooza, nikaweka kiraka cha bati la zinki cha sentimita 20, nikachomelea mstari mmoja bila kupumzika kwa sababu mteja alikuwa na haraka. Siku ya tatu akarudi: “Fundi, mbona mlango unalia?” Ukiubonyeza kwa kiganja unaingia ndani, po! Ukiachia, unarudi.

Nililisingizia jua la Kizota, mtaa wa hapa Dodoma, nikakosea. Mita moja ya chuma hurefuka takriban milimita 0.012 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kutoka nyuzi 15 za asubuhi ya Julai hadi nyuzi 60 za bodi iliyoanikwa mchana, ni kama nusu milimita tu, tena bati lote linatanuka pamoja. Kuchomelea ni jambo jingine. Ule mstari mwembamba unapanda mamia ya nyuzi na kutaka kutanuka, lakini bati baridi la pembeni limeubana. Kwa kukosa pa kwenda, unajisonga na kunenepa. Ukipoa unanywea, unakuwa mfupi kuliko mwanzo, unavuta majirani zake, na bati linatoa tumbo.

Zinki yenyewe haina kosa hapo. Ni utando mwembamba unaofuata chuma kinakokwenda. Shida yake ni moshi. Inayeyuka kwenye nyuzi 420 na kuchemka kwenye 907, wakati chuma hakijayeyuka bado. Moshi ule mweupe uliwahi kunilaza na homa na kutetemeka usiku kucha, kwa hiyo siku hizi nakwangua zinki ukingoni kwanza, nachomelea nje, upepo ukitoka mgongoni kwangu.

Nilikata kiraka, nikaanza upya. Nukta moja huku, nyingine mwisho wa pili, nyingine katikati. Nikiweza kugusa kwa mkono ndipo naweka inayofuata. Mzee aliyenifundisha kazi alipita akasema, “Sasa unalisubiri bati, kijana wangu.” Kazi ya dakika kumi ikala asubuhi nzima. Mwisho nikashikiza chuma kizito kwa nyuma, nikagonga mstari taratibu kwa nyundo ili urefuke tena, kisha nikapaka rangi ya zinki pande zote mbili, maana moto ulikuwa umekula kinga ya kutu.

Saa nane mchana, gari likiwa juani, mwalimu aliubonyeza mlango mwenyewe, mara tatu. Kimya.