Niliweka kadi ya grafiksi usiku, asubuhi sina kompyuta

Naandika hii nikiwa bado na vumbi la kompyuta kwenye kucha, maana nimetoka kuifunga sa hivi na inafanya kazi, na nataka niandike kabla sijasahau mambo yalivyofuatana. Siku tatu nimekaa bila mashine na nina sendoff ya watu imelala kwenye diski, kamera mbili, masaa matano ya video, bibi harusi mwenyewe ananipigia kila jioni kwa upole kabisa, kaka vipi ile video yetu, na huo upole wake uliniumiza kuliko angenigombeza.

Mashine yenyewe ni ile minara ya ofisi mnayoijua, zile used kutoka Ulaya na Dubai zinazopangwa Kariakoo kama matofali. Prosesa ni i5-3470, Intel waliitoa 2012, ramu giga 8. Kwa harusi za kawaida ilinitosha miaka yote hii, ila wateja sa hivi wanataka 4K na ile grafiksi ya ndani ya prosesa, HD 2500, ukiiwekea 4K unavuta picha moja unaenda kunywa maji unarudi bado haijafika. Nikajichanga nikapata kadi ya grafiksi, GTX 1050 Ti ya mkononi, laki mbili kasoro. Niliichagua kwa sababu ni kadi ya wati 75, na sloti ya PCIe ya madabodi (lile tundu refu la kuchomekea kadi kwenye bodi kuu ya kompyuta) nayo inatakiwa kutoa mpaka wati 75, kwahiyo 1050 Ti nyingi hazihitaji waya wowote wa ziada, unachomeka unaendelea na maisha. Ya kwangu ikawa ni ile aina yenye feni mbili na tundu la pini 6 pembeni. Muuzaji akanipa na kiadapta, huku plagi ya SATA kama ya kwenye diski, huku pini 6, akasema wewe chomeka tu. Nikachomeka.

Saa nne usiku nabonyeza. Feni zinazunguka zote, hata za kadi, taa ya mbele inawaka, monita giza. Nikasubiri dakika mbili. Giza. Nikazima, nikawasha, giza.

Kosa langu kubwa limeanzia hapo, sio kwenye kuweka kadi. Badala ya kukaa nifikiri nikaanza kugusa kila kitu kwa mpigo. Nikachomoa ramu zote nne nikazisugua na raba, nikatoa betri ya madabodi, nikachomoa kadi nikairudisha, nikachomoa tena, nikahamisha nyaya za diski, mdogo wangu kanishikia tochi ya simu ananiambia kaka tupumzike na mimi sisikii. Saa saba usiku nikasema basi, naitoa kadi kabisa nirudi nilikotoka. Nikaitoa, nikawasha. Feni zinazunguka, monita giza. Yaani bila kadi, kila kitu kama zamani, na haiwaki.

Hapo mwili uliisha nguvu. Kadi kufa ni hasara ya laki mbili, ila madabodi ikifa na hiyo ndo inanilipia kodi, ni habari nyingine.

Asubuhi nikampigia bamdogo, mume wa mama mdogo, yupo Morogoro. Huyu mzee alikuwa fundi redio na tivi tangu enzi za zile zenye mgongo, akaja kwenye kompyuta ukubwani, na mpaka leo kitu cha kwanza anachokitumia ni sikio. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, mbona unahema. Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo halafu akauliza swali moja ambalo nimelifikiria sana baadaye: "Usiku ule wa kwanza kabisa, kabla hujagusa kitu, ulibonyeza Caps Lock?"

Sikubonyeza. Kumbe ni hivi. Mashine kutowaka na mashine kutoonyesha picha ni magonjwa mawili tofauti. Ukiona giza, subiri dakika mbili tatu, bonyeza Caps Lock kwenye kibodi. Taa yake ndogo ikiwaka na kuzima unavyobonyeza, mashine iko hai, huenda Windows imeshafunguka iko huko inakusubiri, wewe tu ndo huioni. Akauliza tena, waya wa monita ulikuwa umechomeka wapi? Nikamwambia pale pale pa siku zote, tundu la VGA la nyuma. Akasema ahaa. Hilo tundu la madabodi, mashine nyingi za ofisi zikishaona kuna kadi kwenye sloti, bayosi (ile programu ndogo ya madabodi inayoamsha mashine) inalizima lenyewe inampa kadi kazi ya picha. Kwahiyo uwezekano mkubwa usiku ule mashine iliwaka vizuri, na mimi nikaipasua mashine nzima.

"Sasa tuache ya kadi," akasema. "Ugonjwa wa pili umeuleta wewe mwenyewe, twende tuutafute."

Akanambia nichomoe waya wa ukutani, halafu nibonyeze batani ya kuwashia niishikilie nihesabu kumi, ili chaji iliyobaki kwenye kapasita za pawa saplai, lile boksi linaloipa mashine umeme, iishe. Niguse bati la kasha kwanza kabla ya kugusa vitu. Nitoe kila kisichohitajika: kadi nje, diski zichomolewe, DVD ichomolewe, ramu ibaki moja. Ibaki madabodi, prosesa, ramu moja na pawa saplai. Nikawasha, giza bado. "Weka simu karibu na feni nisikie." Nikaweka. Akasikiliza kama nusu dakika hivi, mimi nimeshika pumzi, akasema feni ya prosesa inazunguka sawa, haizimi na kurudi, kwahiyo umeme mkubwa upo, hakuna shoti. Sasa toa na hiyo ramu moja. Washa bila ramu kabisa.

Nilishangaa, ila ni kipimo kizuri sana na hakina gharama. Madabodi ikiwa na kaspika kake, ukiwasha bila ramu inatakiwa ilie, tii tii tii, inalalamika kwamba haina kumbukumbu (nyingine hazilii, zinapepesa taa ya mbele kwa rangi ya chungwa). Ikilalamika ina maana prosesa imeamka, imesoma bayosi, imekwenda kutafuta ramu imekosa. Hapo ugonjwa uko kwenye ramu au mbele ya ramu. Ikikaa kimya, prosesa yenyewe haijaamka.

Nikawasha. Kimya. Feni tu.

Bamdogo akasema vizuri, na mimi moyoni nasema vizuri nini. Akaniuliza, karibu na prosesa kuna kaplagi ka mraba, nyaya nne, mbili njano mbili nyeusi, kapo? Nikamulika. Kapo. Kamezama mpaka mwisho? Nikasema kamezama. "Usikaangalie, kasukume."

Nikakasukuma kwa dole gumba. Kakaenda kama milimita tatu, kakasema *kacha*.

Ile plagi ya pini 4 ndo inayompa prosesa umeme wake wa volti 12. Ile kubwa ya pini 24 inaendesha madabodi, feni, vingine vyote, kwahiyo bila ile ndogo kila kitu kinazunguka na kuwaka taa kama kawaida huku prosesa haina habari. Waya wake kwenye mashine yangu unapita juu ya sehemu kadi inapokaa, na mimi usiku ule nimechomoa kadi mara tatu kwa nguvu, naamini ndo nilivyokavuta. Kwa macho kalionekana kako sawa. Nimekaa nimeangalia mara ngapi pale na tochi!

Nikawasha. Tii tii tii. Mdogo wangu akapiga kelele mpaka mama wa chumba cha pili akauliza kuna mpira gani saa hizi. Bamdogo kwenye simu anacheka, mimi nilikuwa karibu kulia nawaambia ukweli.

Ramu zikarudi moja moja, unaweka unawasha, unaweka unawasha. Diski ikarudi, na hapo ikaja nyingine: Windows inaanza kufunguka halafu skrini ya bluu. Hii nayo niliitengeneza mwenyewe nilipotoa betri, maana ukitoa betri bayosi inasahau mipangilio yote, na hii mashine ikisahau inarudisha diski kwenye RAID wakati Windows yangu iliwekwa kwenye AHCI (ni namna mbili tofauti za mashine kuongea na diski). Nikaingia bayosi nikarudisha AHCI, nikarekebisha na tarehe, ikafunguka. Kama utatoa betri, piga picha kurasa za bayosi na simu kwanza, ila kwa kweli shida kama yangu betri haikuhusika kabisa na sikutakiwa kuigusa.

Ikabaki kadi. Monita yangu ni ya VGA tupu, na 1050 Ti haina VGA, ina DVI, HDMI na DisplayPort. Nikasema si kuna vile vikorokoro vya kubadilisha DVI kuwa VGA, vya elfu chache. Havifanyi kazi hapa wadau. Vile vinabadilisha umbo la plagi tu, na zamani vilifanya kazi kwa sababu kadi za zamani zilikuwa zinatoa mawimbi ya VGA kwenye zile pini nne za ziada za DVI. Kizazi hiki cha GTX 10 Nvidia waliyaondoa, DVI yake ni ya dijitali tupu. Unahitaji adapta yenye chipu ndani, ya HDMI kwenda VGA, ile ukiishika baada ya muda unaikuta ina joto kidogo. Nikanunua hiyo.

Na kile kiadapta cha SATA bamdogo alikikataa kabla hata sijamaliza kukieleza. Hesabu yake ni hii, nimeifanya na mimi kwenye karatasi. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ni ya ampea 1.5, jumla ampea 4.5, zidisha kwa 12 unapata wati 54. Tundu la pini 6 la kadi lina ruhusa ya kuvuta mpaka wati 75. Mashine ikiwa imetulia hutaona kitu, lakini ukirenda, yaani mashine ikitengeneza video ya mwisho, masaa mawili plagi inapata moto, na plastiki yake ni laini, inayeyuka, pini zinakaribiana. Nilipokiangalia vizuri mwanga wa mchana, nyaya zake ni nyembamba kama za spika.

Wati zenyewe za pawa saplai yangu ya 275 zilikuwa zinatosha. Prosesa ni ya wati 77, kadi 75, weka diski na feni, bado unabaki na nafasi. Ilichokosa ni waya halali wa pini 6. Nikaenda kutafuta nyingine used, na bamdogo alinipa mambo mawili ya kuangalia. Moja, ibebe mkononi, nyepesi kama boksi la viatu iache hapo hapo. Mbili, usisome namba kubwa ya ubavuni, soma kwenye jedwali la stika mstari wa volti 12 una ampea ngapi. Nilikuta moja imeandikwa 500 kwa herufi kubwa nyekundu, volti 12 ina ampea 16, yaani wati 192! Niliyochukua imeandikwa 450, volti 12 ampea 32, na ina pini 6 yake ya kuzaliwa. Bahati madabodi yangu inatumia pini 24 za kawaida. Mashine nyingi za ofisi zilizofuata baada ya hizi zina plagi zao za ajabu, pini 8 au 6, kwahiyo fungua kasha uhesabu kabla hujatoka nyumbani.

Leo mchana nikachomeka kadi, nikasikiliza kile kikufuli cha mwisho wa sloti kifunge, nikasukuma ile pini 4 tena hata kama najua iko sawa, HDMI, adapta, monita. Nikabonyeza. Sekunde nne hivi giza, halafu nembo ya kampuni ikatokea katikati ya kioo.

Kiadapta cha SATA nimekikata na koleo vipande viwili ili mdogo wangu asije akakiona droo ya mezani akafikiri kinafaa. Sendoff sa hivi inarenda, imefika asilimia 61, nimegusa waya wa pini 6 kwa nyuma na ni wa baridi. Saa kumi na mbili jioni bibi harusi kapiga, na leo nilipokea kabla simu haijaita mara ya pili.