Kizunguzungu cha sikio na hii miwani ya VR

Jamani mtu akisema dunia inamzunguka msikimbilie kusema ni presha tu au karogwa. Shangazi yangu hapa Kigoma akigeuza shingo haraka pale sokoni Mwanga, mafungu ya dagaa na watu wanaopita vyote vinamwendea mbio, anashikilia meza ya muuzaji mpaka vidole vinakakamaa. Shida ni sikio la ndani, kila sikio lina vimirija 3 vyenye maji vinavyouambia ubongo kichwa kimegeukia wapi, sasa upande mmoja ukiharibika taarifa zake zinagongana na macho.

Kinachonipa moyo ni kwamba ubongo unafundishika. Wenzetu wa nje wanamvalisha mgonjwa miwani ya VR, ile inayoonyesha picha za kompyuta kama vile uko ndani yake, anaona barabara ya magari au supamaketi, wanaanza taratibu wanaongeza kadiri anavyozoea, mtaalamu yupo pembeni asianguke. Wengine inawatia kichefuchefu mwanzoni.

Ila msingi wake ni mazoezi ya madaktari Cawthorne na Cooksey wa Uingereza, tangu miaka ya 1940, hayataki mashine: unakazia macho kidole gumba huku unageuza kichwa kushoto kulia. Shangazi anafanya barazani, mi nasimama nyuma yake. Natamani sana hiyo miwani ifike huku kwetu. Na kizunguzungu kikija ghafla mdomo umepinda au maneno hayatoki, hapo hospitali saa hiyohiyo.